Mkobe Hakatizwi

Jumatatu nilifika ofisini saa mbili kasorobo nikakuta barua mia nne na kumi na moja, karibu zote za kumlalamikia Mkobe. Mkobe mshenga ameua mchezo. Mkobe mshenga apunguzwe, la sivyo tunavunja meza. Mmoja wa Makambako alikuwa amechora kobe aliyelala chali, na juu ya tumbo lake akaandika jina langu, Leokadia Kikoti, kwa herufi kubwa, tena jina la ukoo akalikosea. Nimekuwa mpimaji wa mizani wa mchezo wa Bonde la Nyayo kwa miaka tisa, na sijawahi kupata hata barua moja ya kusema, asante Leokadia, jana tulicheza na hakuna aliyeonewa.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Mchezaji anachagua kabila: Mkobe, Mpopo, Msiafu au Mnyoya. Anachagua fani: askari, mganga, mpelelezi au mshenga. Anajaza karatasi ya mhusika wake, anakaa mezani na wenzake, msimulizi anawaeleza walipo na kinachowajia, nao wanaamua la kufanya na kurusha dadu. Mpopo anasikia panya akitembea nyuma ya ukuta. Msiafu mmoja si kitu, watatu ni balaa. Mkobe ni mzito wa miguu lakini anaishi miaka mia tatu na maneno yake hayana mpinzani. Mimi nakaa katikati na kuhakikisha hakuna mchanganyiko unaoshinda kuliko mingine. Nikimpa Mpopo, Mnyoya analia. Nikimnyang'anya Mpopo, Mpopo anaandika barua.

Zamani ningekwambia ni mchezo tu. Lakini siku hizi tunacheza na kilemba.

Kilemba ni utepe wa kitambaa wenye nyuzi za shaba, unafungwa kichwani kabla ya kuanza. Kinaisoma karatasi yako, kisha kinauchokoza ubongo pale panapohusika. Karatasi ikisema masikio nane kwa kumi, masikio yako yanafunguka hadi nane. Ukikivua, kipaji hakiondoki papo hapo, kinabaki saa mbili. Watengenezaji waliiita hali hiyo mabaki, wakasema ni kasoro ndogo itakayorekebishwa. Wananchi wakasema ni zawadi na isiguswe. Haukupita mwaka mafundi wa injini wakawa wanacheza Mpopo alfajiri ili wakifika gereji wasikie bolti iliyolegea, na mimi niliyeajiriwa kupima mchezo nikajikuta napima mji mzima bila kuongezewa hata kiti.

Mkurugenzi wa Bodi, Bwana Festo Mgaya, aliingia bila kubisha akiwa ameshika karatasi ya Pima. Pima ni mashine yetu, inacheza michezo milioni moja wakati mimi nakoroga chai.

"Dada Leokadia, sabini na moja."

"Nimeona, Mkurugenzi."

"Mkobe mshenga anashinda mara sabini na moja kati ya mia. Kanuni inasema isizidi hamsini na mbili."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi."

"Afadhali, basi huna haja ya kufundishwa. Maneno ya Mkobe yashuke kutoka nane hadi tano. Utie saini Ijumaa saa sita, saa saba vilemba vyote nchini vitasoma namba mpya."

Akaiacha karatasi mezani akaondoka. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli, na pia kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa langu.

Niliandika kanuni ya kumi na mbili kwamba mshenga hapigwi kabla hajamaliza kusema. Ningeandikaje vingine? Mjumbe hauawi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kisha nikaandika kanuni ya kumi na tatu, kwamba mdogo hamkatizi mkubwa. Wakati huo hakuna mtu katika Bodi nzima aliyeinua mkono, maana wote tulikuwa tumelelewa hivyo, na zilionekana si kanuni za mchezo bali adabu ya kawaida. Lakini Mkobe ana miaka mia tatu. Ni mkubwa wa kila mtu mezani. Mkobe akiwa mshenga haruhusiwi kupigwa kabla ya kumaliza na haruhusiwi kukatizwa, kwa hiyo hamalizi. Anazungumza mpaka majeshi yanaweka mikuki chini. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatukuambiwa mkuu mwenyewe asiponyamaza, guu linalovunjika ni la nani.

Kuna barua mbili nilizoziweka kando siku ile.

Ya kwanza ilitoka Njombe, kwa binti aitwaye Eliza Mwalongo. Wakwe walimleta mshenga ambaye asubuhi hiyo alikuwa amecheza Mkobe, na mabaki yalikuwa bado mabichi. Alizungumza sebuleni kwao kwa saa moja na nusu. Shangazi alitaka kusema jambo mara tatu, kila mara akaona haya kumkatiza mtu mzima. "Baba hakumbuki alikubali saa ngapi," Eliza aliandika. "Anakumbuka tu kwamba alipomaliza kusikiliza nilikuwa nimeshaposwa. Nimehama nyumbani. Tafadhali mpunguzeni Mkobe, maana mwezi huu wanakwenda kwa mdogo wangu."

Ya pili ilikuwa ya mistari mitatu, kutoka kwa msimulizi wa meza ya Kihesa, hapahapa Iringa. Ilisema: "Tumesikia mnataka kushusha maneno ya Mkobe. Kwenye meza yetu yupo Mzee Ndahani Chilongani, alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Njooni mmwone kabla hamjasaini."

Nikamwuliza Pima. Jibu lilikuwa fupi: kwa ubongo wenye kovu la namna hiyo, kilemba kinahitaji saba kwenda juu ili kulivuka kovu na kuifikia sauti. Kwa tano hakivuki.

Utauliza kwa nini nisimpe yeye peke yake namba yake. Tulishafanya hivyo. Tulimruhusu kiziwi mmoja wa Mafinga masikio ya ziada kwa cheti cha daktari, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa na viziwi elfu mbili wenye vyeti, wengi wao wakituletea malalamiko yao kwa simu. Bodi ikapiga marufuku namba za mtu mmoja mmoja. Siwalaumu.

*

Jumatano nilikwenda Kihesa. Mlango ulifunguliwa na mke wa Mzee, Mama Foibe, mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijivu, akanikaribisha kwa sauti ya chini na kunipeleka uani, ambako meza ilikuwa tayari na wachezaji watano walikuwa wakifunga vilemba.

Mzee Chilongani alikuwa bado hajafunga chake. Alikuwa mtu mkubwa, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilimwamkia.

"Ndiyo," akasema.

"Habari za mchana, Mzee?"

"Ndiyo." Uso ulimwiva kwa hasira.

"Ndilo neno pekee lililobaki," Mama Foibe akaniambia. "Nikimwuliza utakula, ndiyo. Nikimwuliza hutaki kula, ndiyo. Namsoma machoni." Kisha akamfunga kilemba, akakikaza nyuma kwa uangalifu kama anayemfunga mtoto shuka, na akarudi jikoni.

Mzee alivuta pumzi. Alinitazama upya, kuanzia viatu.

"Kikoti," akasema, sauti nzito, iliyonyooka, sauti ya mtu aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. "Jina la Kihehe hilo. Wanangu, fungeni mbwa wenu! Mhehe ameingia na anaonekana hajala tangu jana."

Meza nzima ikacheka. Mimi ni Mhehe na yeye ni Mgogo. Makabila yetu ni watani tangu babu zetu walipoacha kupigana, na mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Msibani kwenu anaweza kulala juu ya mkeka wa wafiwa, akachukua kuku na kudai kitambulisho cha marehemu, nawe unacheka huku unalia. Hivyo nilikaa, nikatazama.

Na kweli nilimwona Mkobe. Walikuwa wamezingirwa na jeshi la Wanyoya kwenye daraja, na Mzee akasimama kuzungumza na jemadari wao, aliyechezwa na msimulizi. Alizungumza juu ya daraja, nani alilijenga, nani alizikwa chini yake, mama wa jemadari alilivuka lini akiwa na mimba gani. Kila neno lilikuwa mahali pake. Nilijua naona mtu aliyetolewa kaburini, na kwamba Ijumaa saa saba nitamrudisha. Nilikasirika na namba, na Bodi, na kobe mwenyewe.

Saa nzima ikapita, jemadari bado anasikiliza. Mchezaji wa Msiafu alikuwa ameanza kusinzia. Nikainuka kwenda jikoni.

Mama Foibe alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza ukweli wote, kwa sababu sikuona namna nyingine: nane, tano, Ijumaa. Nilitegemea atalia, au atanishika miguu. Hakufanya chochote kati ya hivyo.

"Mtampunguza," akasema, akiendelea na mchele.

"Sijaamua, mama."

"Mimi nataka asikike. Nilimwomba Mungu asikike." Akatoa kokoto, akaitupa. "Lakini mwanangu, nikueleze. Saa za mchezo anasema. Zile saa mbili za mabaki anasema. Ananieleza habari za mahakama, za ukoo wao, za siasa. Nakaa pale namsikiliza, maana Mkobe hakatizwi, si ndivyo mlivyoandika? Kisha mabaki yanakwisha anarudi kwenye ndiyo. Miaka mitatu hii nimemzika mama yangu. Mwanetu Foibe amejifungua. Hajaniuliza hata mara moja, wewe unaendeleaje."

"Na kabla ya ugonjwa?"

Akacheka kidogo. "Kabla ya ugonjwa alikuwa Mkobe bila kilemba."

Nilikuja nikidhani naamua kati ya Eliza na mzee mmoja mgonjwa, na sasa kulikuwa na mtu wa tatu, aliyekuwa akichambua mchele.

Niliporudi uani jemadari alikuwa bado ameshikilia upanga wake na Mzee hajafika hata kwenye ombi. Aliponiona akageuza maneno bila kupumua. "Mmemwona Mhehe alikotoka? Jikoni! Hesabuni sufuria. Babu yake alikuja kwetu kuomba moto akaondoka na jiwe la kupikia, na tangu siku hiyo sisi Wagogo tunapika juu ya mafiga mawili, ndiyo maana ugali wetu umeinamia upande mmoja, na jiwe hilo—"

"Babu yangu alichukua jiwe kwa sababu chakula hakikuwepo!" nikasema. "Mlikuwa mnachemsha maji na kuyaita mlenda!"

Ilinitoka tu. Nilikuwa nimechoka tangu Jumatatu. Nikaziba mdomo, maana nilikuwa nimemkatiza mzee wa watu nyumbani kwake mbele ya wageni. Lakini meza ililipuka kwa kicheko, na Mzee Chilongani alibaki mdomo wazi, mabega yakimtikisika, akifuta machozi kwa mkono mzima. Hakukasirika, wala hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Na kwa mara ya kwanza tangu saa nane mchana alikuwa kimya na kilemba chake kikiwa kichwani.

Msiafu akaamka. "Kumekucha?" akauliza.

Nilimtazama Msiafu yule, nikajiona nimekuwa mjinga kwa miaka tisa.

*

"Utani," Mkurugenzi akarudia Alhamisi asubuhi, kama neno la lugha asiyoijua, na yeye ni Mbena mwenye watani wake.

"Kanuni ya arobaini na moja," nikasema. "Kila kabila la mchezo lina mtani wake. Wa Mkobe ni Msiafu. Msiafu anaweza kumkatiza Mkobe wakati wowote, akamkejeli, akamchukulia kitu mkononi. Mkobe haruhusiwi kukasirika wala kuendelea hadi amjibu. Maneno yanabaki nane. Kilemba cha Msiafu kinaongezewa ulimi."

"Na mabaki?"

"Mabaki yatafanya kazi ileile. Wakileta mshenga wa Kikobe sebuleni, shangazi naye acheze Msiafu asubuhi. Dawa ya moto ni moto."

Aliingiza kanuni kwenye Pima. Chai yangu haikuwa imepoa. Sabini na moja.

"Hakuna kilichobadilika," akasema.

"Kwa sababu Pima anahesabu tusi kama upepo! Wachezaji wake hawacheki, Mkurugenzi. Hawaoni aibu. Ndiyo maana mwanzoni pia hakuona tatizo la kanuni ya kumi na tatu, mpaka watu wenye adabu walipokaa mezani tukamlisha matokeo yao. Umeniletea mashine isiyo na shangazi inipimie heshima!"

Nilikuwa napiga kelele. Katibu alichungulia mlangoni akarudi. Bwana Mgaya alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Meza ya watu, kesho asubuhi," akasema. "Meza ileile ya Kihesa, kwa huyo Mkobe wako hodari. Mchezo mmoja tu. Akishinda kwa maneno kama kawaida yake, unasaini tano hapohapo, mbele yangu."

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Msiafu hakutokea. Alituma ujumbe kwamba amepata homa. Wenzake walisema alichopata ni woga, maana nani atakwenda kumkejeli Mzee Chilongani mbele ya Mkurugenzi wa Bodi? Nilitaka kumfuata huko kwao nimvute kwa sikio. Siku ile nchi nzima ilikuwa inategemea mtu mmoja mwenye adabu kupita kiasi.

"Cheza wewe," Mkurugenzi akaniambia.

"Mimi ni mpimaji. Nikicheza, utasema nimeipendelea kanuni yangu."

"Ningesema hivyo, kweli."

"Nipeni mimi," akasema Mama Foibe. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Aliliweka chini, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa mbele ya mumewe. Nilimfunga kilemba mwenyewe. Mzee alimtazama kama aliyeona kiti kikitembea.

Msimulizi akaanza. Daraja, Wanyoya, jemadari, upanga. Mzee akasimama kwa kiburi chake chote.

"Jemadari, daraja hili lilijengwa na mikono ya—"

"Ya mafundi," akasema Mama Foibe. "Wewe ulikuwa umekaa kivulini ukiwahesabu."

Mkurugenzi aliacha kuandika.

Mzee akajaribu tena. "Kama mnyonge wa Wasiafu ameruhusiwa kusema, nitamjibu. Mimi nilikuwepo siku jiwe la kwanza—"

"Ulikuwepo, ndiyo, wewe upo kila mahali. Jiwe lilikuangukia mguuni hukuliona kwa sababu ulikuwa unahutubia." Akanyoosha mkono akamchukulia dadu mkononi. "Hii naishika mimi. Wewe shika mdomo."

Mmoja akacheka puani. Kisha wote. Jemadari wa Wanyoya akacheka, na jemadari aliyecheka hasikilizi tena hotuba, anataka kujua mwisho. Mzee alirudi mara nne, na mara nne alikatwa, kila mara karibu zaidi na mfupa, mpaka alipolazimika kufanya kile Mkobe hajawahi kufanya kwenye bonde lile: akasema ombi lake kwa sentensi moja. Jemadari akatafakari, dadu zikarushwa, ikawa nane dhidi ya tisa. Alishindwa kwa moja. Mchezo wa haki kabisa, na wiki nzima sikuwa nimeona mchezo wa haki.

Vilemba vikavuliwa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mkurugenzi aliitazama karatasi yake, hakuwa na la kunung'unikia, jambo lililomnung'unisha zaidi. "Andika nane," akasema. "Na hiyo arobaini na moja iandike kwa mwandiko unaosomeka." Nikatoa kalamu, nikaiweka fomu juu ya goti. Nilimfikiria Eliza, na mdogo wake, na shangazi yao, kwamba bado watalazimika kuamka asubuhi na kufunga kilemba ili wapate ruhusa ya kusema ndani ya nyumba yao wenyewe. Hilo sikulirekebisha. Niliandika nane, nikasaini.

Wachezaji wakaanza kuondoka. Mzee Chilongani alikuwa bado kwenye kiti chake, na mabaki yake yote ya saa mbili yakiwa mbele yake. Nilisubiri hotuba. Nilimwona akivuta pumzi ya hotuba.

"Damari," akasema. Hakumwita Mama Foibe, alimwita kwa jina lake. "Siku ya mazishi ya mama yako. Nilikuwa nimekaa pale na ndiyo yangu. Ilikuwaje kwako?"

Mama Foibe alikuwa anakusanya vikombe. Aliviacha, akakaa.

Alianza kwa safari ya basi hadi Mpwapwa. Alieleza kaburi lilivyogonga mwamba wakalihamisha, akaeleza alivyolala. Alimfikia Foibe na mtoto, akarudi nyuma kwa mambo ya miaka ishirini iliyopita, na mara mbili akasema, "Nisikuchoshe, muda wako unakwisha," na mara mbili mumewe akamwambia aendelee. Ningepaswa kuondoka. Nilikaa kwenye ngazi na fomu yangu iliyosainiwa, nikasikiliza mambo yasiyonihusu.

Saa sita na dakika kumi mabaki yakaisha, ya Mkobe na ya Msiafu kwa pamoja, kwa sababu vilemba vilivuliwa wakati mmoja. Mzee Chilongani alifungua mdomo kumjibu mkewe.

"Ndiyo," akasema.

Mama Foibe akamshika mkono ule uliolala, akamwambia asubiri kwanza, yeye hajamaliza.